Je, Wajua? Laptopu Imeamka Masisi, Akili Yake Bado Iko Goma

Je, wajua kwamba laptopu iliyo katika usingizi mzito hukata karibu umeme wote, na bado haisahau kitu? Usingizi wa mashine ni wa aina mbili. Ule mwepesi huiacha kumbukumbu ya RAM ikiwa hai, na betri huendelea kuliwa polepole. Ule mzito, ambao kwa Kifaransa huitwa hibernation, huandika yote yaliyomo kwenye RAM katika eneo la swapu ndani ya diski, kisha mashine inazimika. Mahali ambapo umeme ni wa paneli za jua mchana na wa jenereta saa chache za jioni, kama ilivyo sehemu kubwa ya Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, usingizi mzito ndio wenye faida. Mtu anakatiza kazi Goma, anapanda pikipiki, anapita Sake, anakwea vilima hadi Masisi-centre. Akifungua laptopu, ripoti aliyokuwa akiiandika iko palepale.

Pamoja na ripoti hiyo, huenda ikawa palepale pia orodha ya seva za majina alizokuwa akizitumia Goma. Hapo ndipo kero inapoanzia: rezo ipo, mega zipo, lakini kila ukurasa unakawia kufunguka.

Je, wajua kwamba laptopu haiwezi kufika kwenye tovuti kwa kutumia jina? Inahitaji namba. Ukiandika jina la kikoa, mashine huiuliza kwanza seva ya majina, yaani ya DNS, inapewa namba, ndipo safari inaanza. Mfumo huo ulibuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla ya hapo majina yote ya kompyuta za mtandao yaliandikwa katika faili moja tu, HOSTS.TXT, lililotunzwa na ofisi ya Elizabeth Feinler katika taasisi ya SRI huko California. Aliyetaka jina jipya aliiomba ofisi hiyo imwandikie.

Faili lile lina mrithi aliye hai hadi leo. Kila Linux ina `/etc/hosts`, na kwa kawaida mashine hulisoma hilo kwanza kabla ya kuuliza popote.

Je, wajua kwamba sekunde 5 ni ushahidi? Ukiona kila jina jipya linachelewa kwa sekunde tano hivi, wala si tatu wala saba, usiikimbilie kampuni ya simu. Maktaba ya glibc, ambayo programu nyingi za Linux huitegemea kutafuta majina, imepangiwa kusubiri sekunde 5 kabla ya kuiacha seva isiyojibu na kugeukia inayofuata. Inajaribu orodha nzima mara 2. Inasoma seva 3 tu. Ya nne ukiiandika haitazamwi. Na kwa mipangilio yake ya kawaida haikumbuki kilichotokea: seva ya kwanza ikiwa imekufa, jina la pili litaanza tena kwayo, na la tatu vilevile. Ni kama mtoto anayetumwa kila asubuhi kupiga hodi kwa jirani aliyehama, asimwambie mtu kwamba nyumba ile ni tupu. Ukurasa mmoja wa gazeti unaweza kuhitaji majina kumi na zaidi. Hesabu mwenyewe, na betri inaendelea kushuka.

Je, wajua kwamba hata setilaiti ya mbali kabisa haiwezi kusingiziwa sekunde hizo tano? Antena nyingi za VSAT huongea na setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali lipande, lishuke, jibu lipande, lishuke: ni zaidi ya kilomita 143,000. Kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde. Ongeza ucheleweshaji wa vifaa vya njiani, utafika sehemu saba au nane za kumi za sekunde. Setilaiti za Starlink, ambayo ilipata leseni ya kufanya kazi Kongo Mei 2025, ziko chini sana, kwenye kilomita 550 hivi, na jibu lake hurudi haraka zaidi. Sekunde tano kamili hazitoki angani. Zinatoka kwenye programu iliyoambiwa ingoje.

Jipimie kabla ya kununua mega nyingine. Fungua terminali, andika `ping -c 3 9.9.9.9`. Hiyo ni namba, haihitaji kutafutwa jina. Kisha andika `time getent hosts` ukifuatisha jina la tovuti ambayo hujaifungua siku hiyo. Namba ikijibu vizuri na jina likasuasua, rezo haina kosa. Kosa liko kwenye utafutaji wa majina. Zote mbili zikisuasua, basi ni mnara au antena, na makala hii haitakusaidia.

Je, wajua kwamba laptopu yako huenda inajiuliza yenyewe? Kwenye Ubuntu na ndugu zake wengi, faili la `/etc/resolv.conf` lina anwani moja tu, 127.0.0.53. Hiyo ni anwani ya ndani ya mashine, na mlango wa DNS duniani kote ni namba hiyohiyo, 53. Anayesikiliza hapo ni programu iitwayo systemd-resolved. Yeye ndiye anayejua seva za kweli. Mwambie azitaje kwa `resolvectl status`, naye atakuonyesha kila kiunganishi na seva zake: Wi-Fi, simu iliyochomekwa kwa waya, VPN.

Soma orodha hiyo taratibu; ndiyo kiini cha utabibu wote huu. Ukiwa Nyabiondo umeunganishwa kwa kimodemu cha mfukoni, seva ya majina kwa kawaida ni kimodemu chenyewe, na vingi vya Huawei hujiita 192.168.8.1. Ukiona badala yake 10.0.0.1 au anwani nyingine ya ofisi uliyoiacha mjini, umempata mgonjwa.

NetworkManager kwa kawaida huvunja miunganisho kabla ya mashine kulala na kuijenga upya ikiamka, kwa hiyo orodha ya zamani ilipaswa kufutika. Inapobaki, mara nyingi ni kwa sababu mtu aliiandika kwa mkono. Fundi alikuja siku rezo ilipokataa, akafuta kiungo cha `/etc/resolv.conf`, akaweka faili la kawaida lenye anwani za ofisi, ikafanya kazi, akaondoka. Tangu siku hiyo kila ukihama unateseka. Andika `ls -l /etc/resolv.conf`. Ukiona mshale unaoelekea `stub-resolv.conf`, uko salama. Usipouona mshale kwenye mashine inayotumia systemd-resolved, rudisha kiungo: `sudo ln -sf /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf`.

Na VPN je? Hii inawagusa hasa wafanyakazi wa mashirika ya misaada, na Masisi, Mweso na Walikale wapo wengi. VPN nyingi za kazini huomba majina yote yapitie kwao. Kwenye `resolvectl status` utaona kiunganishi chenye jina kama tun0, na pembeni yake alama `~.`, maana yake "kila jina lije kwangu". Laptopu ikilala na VPN ikiwa wazi, inaweza kuamka handaki la VPN limekufa na alama ile ingali pale. Maswali yote yanaingia handakini na hakuna linalotoka. Kata VPN, iunganishe upya. Bora zaidi, ikate kabla ya kufunga mfuniko.

Haraka haraka: kivinjari kikiwa chepesi lakini `apt` ikawa nzito, fahamu kwamba Firefox inaweza kuwa na DNS yake yenyewe iliyosimbwa, isiyopitia kwenye mfumo. Usipime afya ya laptopu kwa kivinjari peke yake.

Je, wajua kwamba koltani ya Rubaya, katika vilima vya Masisi, imo ndani ya laptopu duniani kote? Koltani hutoa tantali, na tantali hutengeneza kapasita ndogo zinazotuliza umeme kwenye bodi ya kompyuta. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba Rubaya peke yake hutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Walikale nayo ina Bisie, ambako kampuni ya Alphamin ilichimba mwaka 2024 zaidi ya tani 17,000 za bati. Bati ndilo hutengeneza lehemu inayoshika vipande vya bodi hiyo. Sioni haki yoyote katika ukweli kwamba watu wanaokaa juu ya madini haya ndio wanaopata rezo kwa tabu kuliko walio wengi, na ndiyo sababu najali sana hata sekunde tano zao.

Na mwaka 2025 wengi wao walibadilisha rezo bila kupenda. Waasi wa M23 waliingia Masisi-centre mwanzoni mwa Januari, Goma mwishoni mwa mwezi huo, na Walikale-centre mwezi Machi, wakaondoka huko mwanzoni mwa Aprili. Mtu anayekimbia hana muda wa kuzima mashine kwa utaratibu. Anafunga mfuniko, anatia mkobani, na laptopu inaamka siku nyingine, kijiji kingine, ikishika rezo ya simu ya mtu mwingine.

Je, wajua kwamba saa mbovu inaweza kuua majina? Hili linastahili nafasi, kwa sababu wachache hulishuku.

Ndani ya laptopu kuna saa ndogo inayoendelea kutembea hata mashine ikiwa imezimwa. Nyingi hulishwa na betri bapa ya CR2032, ile ya duara kama sarafu. Betri hiyo ikizeeka, na betri kubwa nayo ikaisha chaji huku mashine imelala, laptopu inaweza kuamka ikiwa nyuma kwa siku au wiki nzima. Kwenye mashine kuukuu zinazouzwa mitumba hilo ni jambo la kawaida. Sasa, baadhi ya majibu ya DNS yana saini za usalama ziitwazo DNSSEC; mzizi wenyewe wa DNS ulitiwa saini Julai 2010. Kila saini ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Laptopu inayokagua saini, huku ikidhani bado ni mwezi uliopita, itaikuta saini "haijaanza" na kulikataa jibu sahihi. Ubuntu na Debian hazikagui saini hizo mpaka uwashe mwenyewe, lakini hata huko kivinjari kitavikataa vyeti vya tovuti kwa sababu ileile.

Ubaya wake ni kwamba dawa imefungiwa ndani ya ugonjwa. Mashine hurekebisha saa kwa kuuliza seva ya saa mtandaoni, na seva hiyo inajulikana kwa jina, na jina ndilo lisilopatikana. Matoleo ya karibuni ya systemd yamelishughulikia kwa kuiruhusu huduma ya saa itafute jina bila kukagua saini. Ya zamani yanahitaji mkono wako: tazama saa ya simu, kisha `sudo date -s` ukifuatisha tarehe na saa ndani ya alama za kunukuu.

Hapa kuna mtego wa Kongo hasa. Nchi ina kanda mbili za saa. Kinshasa iko saa 1 mbele ya saa ya ulimwengu, Kivu iko saa 2 mbele. Laptopu iliyopangwa Kinshasa na kuletwa Walikale itaonyesha saa moja nyuma, na mwenyewe huona vyema kuisogeza mishale mbele. Kumbe saa ya ndani ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni ukanda. Sasa saa ya ndani nayo imeharibika. Usiguse mishale. Andika `sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`. Ukitafuta Goma kwenye orodha hutaiona. Mashariki yote ya nchi hutumia jina la Lubumbashi.

Je, wajua kwamba Linux ina saa inayosimama mashine ikilala, na nyingine inayohesabu hata usingizi? Hii ya pili iliingia kwenye kerneli 2.6.39 mwaka 2011. Programu inayotunza majina kwa kufuata ile ya kwanza inaweza kuamka ikidhani jibu la juzi ni la sasa hivi.

Je, wajua kwamba laptopu inaweza kuidharau seva nzima kwa sababu ya pakiti chache zilizopotea? Mashine ikiamka, redio ya Wi-Fi huchukua muda kidogo kusimama sawasawa. Programu zilizokuwa wazi hazingoji: barua pepe, kivinjari, usasishaji, zote zinaanza kuuliza majina papo hapo. Pakiti za kwanza zinapotea. systemd-resolved, kwa kuona kimya, huhitimisha kwamba seva haielewi lugha mpya, akashuka kwenye lugha ya zamani, na mambo yakizidi anahamia TCP. Kwenye waya wa Kinshasa hutaona tofauti. Kwenye VSAT, TCP hudai safari moja ya ziada ya kupeana mkono kabla ya swali lenyewe, na kila jina linaongezewa zaidi ya nusu sekunde. Andika `journalctl -u systemd-resolved -b` utafute maneno "degraded feature set". Ukiyaona, dawa ni `sudo resolvectl reset-server-features`, kisha `sudo resolvectl flush-caches`. Amri ya kwanza inamwambia aisahau hukumu yake, ya pili inamwaga kache ya majibu.

Je, wajua kwamba swali moja la jina huwa mawili? Tangu glibc 2.9, mashine huuliza kwa pamoja namba ya IPv4 na ile ya IPv6. Ruta nyingine za bei nafuu hujibu la kwanza na kulidondosha la pili, na sekunde zile 5 zinarudi, safari hii seva ikiwa hai kabisa. Ndiyo maana laptopu ileile huwa nyepesi kwenye ruta ya Goma na nzito kwenye ruta ya Pinga. Kwa mashine ambazo `/etc/resolv.conf` husomwa moja kwa moja, mstari wa `options single-request` huyatenganisha maswali hayo.

Mafundi wengi walio mbali hushauri pia `options timeout:1`, yaani subiri sekunde 1 tu. Ni ushauri mzuri London. Kwenye VSAT ya Walikale mimi siukubali: jibu lenye afya linaweza kuchukua karibu sekunde nzima likitoka kwenye seva isiyo na jibu tayari, na mashine itakuwa inawakata watu kauli wakiwa ndio wanaanza kujibu. Weka 2.

Je, wajua kwamba kikoa cha nchi hii kiliwahi kufa na kuzaliwa upya? Zaire ilitumia .zr. Jina la nchi lilipobadilika Mei 1997, .cd ilisajiliwa mwaka huohuo, na .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001.

Je, wajua kwamba Goma ina mahali pa kampuni za mtandao kubadilishana data, GOMIX, ndugu wa KINIX ya Kinshasa na LUBIX ya Lubumbashi? Bila vituo vya namna hiyo, swali la jina kati ya mitaa miwili ya mji mmoja linaweza kuzungukia Ulaya kabla ya kurudi.

Je, wajua nani anaumia zaidi na haya yote? Namfikiria mwenye kuingiza takwimu kwenye ofisi kuu ya zone ya afya. Kongo hukusanya takwimu za hospitali na vituo vya afya kwa mfumo wa DHIS2, na kila zone ina tarehe ya mwisho ya kuwasilisha: Masisi, Katoyi, Kirotshe na Mweso upande mmoja; Walikale, Pinga, Kibua na Itebero upande mwingine. Idadi ya wagonjwa wa surua au kipindupindu inapochelewa, chanjo na dawa nazo huchelewa kupangwa. Mtu huyo akishinda na laptopu inayosuasua hadi jenereta inazimwa, si takwimu tu zilizokwama.

Kwake kuna njia ya mkato ya dharura: kuandika namba na jina la seva ya kazi kwenye `/etc/hosts`, mstari mmoja, na jina hilo halitaulizwa tena popote. Aandike pembeni tarehe aliyoliweka, maana seva ikihamishiwa namba nyingine, laptopu yake itaendelea kwenda kwenye ile ya zamani wakati wenzake wote wanaingia.

Je, wajua kwamba unaweza kuiagiza mashine ijitibu kila inapoamka? systemd huendesha kila hati iliyo ndani ya `/usr/lib/systemd/system-sleep/` mara mbili: kabla ya kulala huipa neno `pre`, baada ya kuamka huipa `post`. Hati yenyewe ni fupi:

#!/bin/sh
if [ "$1" = "post" ]; then
  resolvectl reset-server-features
  resolvectl flush-caches
fi

Iite jina lolote, kisha uipe ruhusa kwa `sudo chmod +x`. Isipokuwa na ruhusa hiyo, systemd huipita kimya kimya bila kukuambia.